Mchezo wa Wanyonya Damu na Namna ya Kuuongoza

Likizo zifikapo, vijana wetu wasomao mbali hurudi nyumbani na mambo mapya. Mmoja huleta wimbo, mwingine huleta mtindo wa mavazi, na mwingine huleta mchezo. Leo twataka kusema habari za mchezo mmoja ambao jina lake tu laweza kumshtua mzazi: mchezo wa wanyonya damu, uchezwao na marafiki walioketi mezani na karatasi, kalamu na dadu. Twamwandikia kijana atakaye kuuongoza mchezo huo vema. Twawaandikia pia mama na baba watakaosikia sauti barazani na kujiuliza ni mambo gani hayo yanayosemwa.

Ili maneno yetu yasielee hewani, na tuchukue mfano wa mahali. Tuseme kijana amerudi kwao Mabwerebwere, katika Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro, naye ataka kuwakusanya rafiki zake wanne Jumamosi alasiri. Tumepachagua mahali hapo kwa sababu mbili. Kwanza, Kilosa ni nchi ya hadithi. Wakaguru, Wasagara na Wavidunda wamezirithisha ngano zao tangu zamani. Pili, Kilosa ni nchi ya njia. Reli ya Kati ilifika huko zama za Wadachi, mashamba ya mkonge yakaleta wafanya kazi wa makabila mengi, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma hupita katika wilaya hiyo. Mahali papitapo wageni wengi, uvumi nao hupita. Na miongoni mwa uvumi uliodumu sana katika Afrika ya Mashariki umo ule wa mumiani, yaani mtu anyonyaye damu ya wenziwe.

Basi kijana wetu hachezi na jambo la mbali. Katika nchi nyingine mnyonya damu ni kitu cha vitabu na sinema tu. Kwetu sisi watu wameuawa kwa sababu ya neno hilo, na si zamani sana. Hapo ndipo ulipo uzito wa somo letu.

Mchezo wenyewe ni wa namna gani?

Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Haukufanana na bao wala karata, kwa kuwa hakuna ashindaye wala ashindwaye. Kiongozi mmoja huieleza hali ilivyo, kwa mfano: mmefika mlangoni mwa pango, na ndani mwasikika sauti. Kila mchezaji huwa na mhusika wake mmoja, naye husema mhusika huyo atafanya nini. Jambo likiwa na shaka, dadu hurushwa na kuamua. Hivyo hadithi hukua kwa vinywa vya wote, wala hakuna ajuaye mwisho wake, hata kiongozi mwenyewe.

Mwaka 1991 Mmarekani mwingine, Mark Rein-Hagen, pamoja na kampuni ya White Wolf, alitoa mchezo wa Vampire: The Masquerade. Katika michezo mingi iliyoutangulia, zimwi lilikuwa kitu cha kupigwa na kuuawa. Katika huu, mchezaji mwenyewe ndiye zimwi. Alikuwa mtu, akageuzwa bila hiari, na sasa hana budi kuishi kwa damu ya wale aliokuwa mmoja wao. Kila mhusika ana kipimo cha utu wake, ambacho juu yake kabisa ni 10. Akitenda ukatili, utu huo waweza kupungua. Ukiisha kabisa, mhusika amekuwa mnyama, na mchezaji hunyang'anywa. Swali la mchezo mzima ndilo hili: mtu mwenye njaa kali kiasi hicho aweza kubaki mtu?

Katika mchezo huo kiongozi huitwa msimulizi, nalo neno hili twalijua tangu utoto. Msimulizi wetu hukaa na watoto jioni, akasema “Paukwa!” nao wakamwitika “Pakawa!” Katika vitendawili, ashindwaye kufumbua hutoa mji, nao wote hucheka. Watoto wa namna hiyo hawakufundishwa kusikiliza tu. Walifundishwa kujibu, kubisha na kuingia ndani ya hadithi. Kwa hiyo kijana wa Mabwerebwere asidhani kwamba analeta kitu kigeni kabisa. Analeta karatasi na dadu penye desturi iliyokuwako.

Tena ngano zetu zimekwisha kutufundisha kwamba mnyama wa hadithi ni sisi wenyewe. Mwanachuoni T. O. Beidelman, aliyekaa na Wakaguru, alichapisha mwaka 1961 katika jarida la Africa uchunguzi wake juu ya ngano ya Fisi na Sungura. Alionyesha kwamba kwa hila za wanyama hao wawili Wakaguru husema juu ya haki na magomvi ya ndugu wa upande wa mama. Hakuna mzee aliyesimulia habari za Fisi ili watoto wakamwogope fisi wa porini tu. Alitaka kila mmoja autazame ulafi wake mwenyewe. Mchezo wa wanyonya damu, ukiongozwa vema, hufanya kazi hiyo hiyo.

Mumiani, na maovu yaliyotendwa kwa ajili yake

Neno mumiani ni la kale. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1939 chini ya Frederick Johnson hulieleza kuwa ni kitu cheusi kama gundi, kitumiwacho kama dawa, kisemwacho kuwa hutoka Uajemi. Kisha huongeza kwamba watu wengi huamini ni damu iliyoganda ya watu waliouawa. Hivyo jina la dawa likageuka kuwa jina la mwuaji. Zama za ukoloni uvumi huo ulienea mahali pengi. Mjini Nairobi na kwingineko walisema wazimamoto ndio wanyonyao damu. Mahali pengine katika Tanganyika walisema chinja-chinja. Hata wamisionari hawakuepuka. Mwanahistoria Luise White aliandika mwaka 1993 juu ya mapadre wa Zambia ya Kaskazini waliodhaniwa kuwa wanyonya damu, na mwaka 2000 akatoa kitabu kizima juu ya uvumi huo katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Peter Pels naye aliandika mwaka 1992 juu ya mumiani wa Uluguru, katika mkoa huu huu wa Morogoro.

Watu hawa hawakuandika ili kuwacheka wazee wetu. Walitaka kujua kwa nini uvumi uliaminika. Mtu aliyeona kazi za kulazimishwa, kodi, na waganga wageni wakichukua damu kwa sindano pasipo kueleza sababu, alikuwa na haki ya kuuliza: hawa wanatutwaa nini? Neno mumiani lilikuwa njia mojawapo ya kusema kwamba nguvu za watu zilikuwa zinanyonywa. Chuki hiyo ilikuwa na chanzo. Lakini chanzo cha chuki si ushahidi wa mauaji, na uvumi haujui kubagua mwenye hatia na asiye na hatia.

Mwaka 1959, huko Buguruni mjini Dar es Salaam, uvumi wa mumiani uliishia katika ghasia na kifo cha askari polisi. Wengine watasema hayo ni ya ukoloni. Basi wasikie haya. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, Wilaya ya Chamwino, Mkoa wa Dodoma, watu watatu wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Selian, Arusha, walikuwa katika kazi ya kuchunguza udongo. Walidhaniwa kuwa wanyonya damu. Wanakijiji wakawaua wote watatu, wakaliteketeza gari lao. Walikuja kuupima udongo ili mkulima apate mavuno bora, wakafia juu ya udongo ule ule. Mwaka uliofuata, huko Malawi, uvumi kama huo uliua watu wasiopungua 8, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe.

Mkoa wa Dodoma wapakana na Kilosa. Kijana wa Mabwerebwere anapotamka maneno “mnyonya damu” barazani, atamka neno ambalo nchi jirani lilimwaga damu ya kweli. Je, aache mchezo? Sisi hatusemi hivyo. Twasema aujue mchezo vema, maana ndani yake mna dawa ya ugonjwa huu, kama dawa hiyo haitumiwi kinyume.

Tofauti iliyo kuu

Tazama jambo hili kwa makini. Katika uvumi, mnyonya damu ni yule: mgeni, mwenye gari, mtafiti, mwuguzi, jirani asiyependwa. Kidole huelekezwa nje daima. Hapana hata mmoja katika lile kundi la watu wenye mawe ajiulizaye: je, mimi nitakuwa mwuaji leo? Katika mchezo, mnyonya damu ni mimi. Kidole kimegeuzwa. Mchezaji ndiye mwenye njaa, ndiye amwonaye mwenziwe kama chakula, ndiye achaguaye kumhurumia au kumwangamiza, kisha huishi na alilochagua mpaka jioni iishe.

Basi kazi ya kwanza na ya mwisho ya msimulizi ni kukilinda kidole hicho kisigeuke tena nje. Siku mchezo utakapowafanya wachezaji wamtazame mtu fulani wa kijijini na kunong'onezana, siku hiyo haukuwa mchezo tena. Ulikuwa uvumi uliopewa dadu.

Namna ya kuuongoza

Kwanza, chagua mahali pa wazi. Ndani ya hadithi wanyonya damu hujificha, nalo neno masquerade katika jina la mchezo lamaanisha huko kujificha. Nje ya hadithi msijifiche hata kidogo. Msifunge mlango usiku na kuwasha mshumaa, mkasema juu ya damu hali jirani asikia kupitia dirishani. Kaeni barazani au chini ya mwembe, alasiri, mahali ambapo apitaye aweza kuwaona na kuwauliza. Mwenye nyumba apewe habari mapema: “Mama, kesho tutacheza mchezo wa hadithi, nazo ni hadithi za kutisha.” Mtoto mdogo akija kusikiliza, hadithi isimame, ngano ya watu wazima si chakula cha mtoto wa miaka sita.

Pili, wawe wachache. Wachezaji watatu mpaka watano wanatosha. Wakiwa wengi zaidi, mmoja atangoja zamu yake mpaka asinzie. Muda wa saa tatu ni wa kutosha, pamoja na kupumzika kwa chai katikati.

Tatu, patana nao kabla ya kuanza. Kila mtu aseme ni mambo gani hataki yaonekane katika hadithi, wala asidaiwe sababu. Aliyefiwa na mdogo wake juzi hapendi kusikia kifo cha mtoto. Wachezaji wengi duniani hutumia desturi iliyoanzishwa na John Stavropoulos: kadi yenye alama ya X huwekwa katikati ya meza, na ye yote akiigusa, jambo lililokuwa likisimuliwa huachwa mara moja, bila maswali. Kipande cha karatasi chatosha. Tusidhani kwamba huo ni udhaifu. Msimulizi mzuri wa zamani aliwatazama wasikilizaji wake machoni, akajua wakati wa kuipunguza makali hadithi yake.

Nne, mji wa hadithi uwe wa kubuni. Msiutumie mji wa Kilosa, wala Mikumi, wala kijiji chenu. Buni mji wenye mto mpana na kivuko, uupe jina lisilo la mahali po pote, na watu wake wasifanane na mtu ye yote mnayemjua. Tena kuna watu ambao kamwe wasifanywe wanyonya damu katika hadithi yenu: mtafiti mgeni, mwuguzi, mzimamoto, mtu mwenye ualbino, na bibi kizee mwenye macho mekundu. Hao wamekwisha kusingiziwa na kuumizwa katika nchi yetu hii, tusiwaongezee.

Hata wachapishaji wa mchezo walijifunza hayo kwa aibu. Mwaka 2018, katika kitabu kimoja cha toleo la tano, mateso ya watu walio hai huko Chechnya yalisimuliwa kana kwamba ni hila za wanyonya damu. Watu wengi walikasirika, na Novemba mwaka huo huo wachapishaji waliomba radhi na kuiondoa sehemu hiyo. Mwenye kuumizwa hapendi kuona kidonda chake kimefanywa pambo la mchezo wa mtu mwingine.

Tano, kila mchezaji ambuni mhusika kwa maswali matatu. Ulikuwa nani kabla ya kugeuzwa? Ni nani akupendaye bado, asiyejua habari zako? Ni jambo gani ambalo hutalifanya hata ukifa njaa? Swali la tatu ndilo ufunguo. Mmoja ataandika: sitamdhuru mtoto. Mwingine: sitamwongopea mama yangu. Msimulizi ayahifadhi majibu hayo, maana humo ndimo hadithi itakamotoka.

Sita, rahisisha sheria. Vitabu vya mchezo ni vinene na ghali, na dadu zake zina pande 10, ambazo hazipatikani katika kila duka. Andika namba 1 mpaka 10 katika karatasi ndogo, zikunje, zitie kikapuni. Jambo likiwa na shaka, mchezaji hutoa karatasi moja. Ikiwa 6 au zaidi, amefaulu. Hivyo mambo huwa nusu kwa nusu. Mhusika aliye stadi wa jambo hilo apewe nafasi ya kutoa mara tatu, akirudisha karatasi kikapuni kila mara, na akipata 6 au zaidi hata mara moja, amefaulu. Kwa hesabu, atafaulu mara 7 katika kila mara 8. Yatosha, msiongeze sheria nyingine.

Kisha kila mmoja apewe punje 5 za mahindi na maharage 7. Punje ni damu aliyo nayo. Kila usiku wa hadithi hutumia moja, na zikiisha yumo katika njaa kali. Maharage ni utu wake. Tumechagua 7 kwa kuwa wahusika wengi wa toleo la mwaka 2018 huanza na kipimo hicho. Akitenda ukatili, msimulizi aondoa harage moja kimya kimya, mbele ya macho ya wote.

Saba, anza na jambo dogo, lakini lenye uzito. Msimulizi asianze na vita vya wafalme wa usiku. Na aseme, kwa mfano: “Mvua yanyesha. Kivuko cha mwisho kimeondoka. Punje yako ya mwisho umeitumia jana. Kibandani pale gatini amebaki mama mmoja muuza samaki, ahesabu fedha za ada ya mwanawe. Zamani alikuwa jirani yako, naye alilia katika matanga yako. Ameinua taa, amekuona, akuita kwa jina. Wafanyaje?”

Kisha anyamaze. Vijana waongozao kwa mara ya kwanza huogopa kimya, wakakijaza kwa maneno. Mchezaji aachwe afikiri. Akisema, “Namshika na kumnyonya,” msimulizi asicheke wala asimkemee. Amwulize tu: “Fedha zile zimeanguka matopeni. Utaziacha? Nani atamngojea nyumbani?” Naye aondoe harage. Akisema, “Namkimbia,” asisifiwe kupita kiasi, kwa sababu njaa yake haikuisha. Katika tukio lijalo itakuwa kali zaidi, na atakayekutana naye huenda akawa mtu ampendaye. Akisema, “Namweleza kweli yote,” hapo wachezaji wote watakaa wima, kwani hakuna ajuaye mama yule atajibu nini. Namna hii msimulizi hahubiri. Hali yenyewe ndiyo ifundishayo, na kila mmoja hujifunza kwa kadiri ya moyo wake.

Nane, zungusha zamu kwa haki. Katika kila kundi yumo msemaji na yumo mkimya. Msimulizi amgeukie yule mkimya kwa jina la mhusika wake, amwulize swali ambalo ni yeye tu awezaye kulijibu. Mara nyingi aliye kimya ndiye aliyekuwa akiifikiria hadithi kuliko wote.

Tisa, funga hadithi kwa mazungumzo. Mchezo ukiisha, kusanyeni punje na maharage, na kila mmoja aliache jina la mhusika wake pale pale mezani. Kisha ulizaneni maswali mawili: ni uchaguzi gani ulikuwa mgumu kwako, na nani aliumizwa na uchaguzi huo? Dakika ishirini za mazungumzo hayo zina faida kuliko saa nzima ya vishindo. Mchezaji aliyepoteza maharage mengi asiitwe kwa dhihaka “mnyonya damu” njiani kesho yake. Jambo hilo msimulizi alikataze waziwazi. Jina hilo, likitoka mezani na kuingia sokoni, halirudi tena.

Neno kwa wazazi

Twajua kwamba baadhi ya wazazi watasema mchezo kama huu wafungua mlango kwa mambo ya giza. Hofu hiyo si mpya. Huko Marekani, mwaka 1983, mama mmoja aitwaye Patricia Pulling, aliyefiwa na mwanawe, alianzisha chama cha kuupinga mchezo wa Dungeons & Dragons, na wazazi wengi waliingiwa na woga kwa miaka mingi. Hatumdhihaki mama mwenye msiba. Lakini mzazi atakaye kujua watoto wake wacheza nini anayo njia iliyo bora kuliko kukataza asilolijua: aketi nao. Asikilize mchezo mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho. Akisikia kwamba ukatili hushangiliwa, mtu halisi hutajwa, au mwoga huchekwa, na ausimamishe. Akisikia vijana wanne wabishana kwa bidii kama yafaa kumwacha muuza samaki apite salama, na awaletee chai.

Tena mzazi ana kazi ambayo kijana hawezi kuifanya peke yake. Watoto hujifunza kuamini uvumi kwa kuwasikia wakubwa wao. Mtoto akija mbio na kusema, “Mumiani wamefika, wana gari jeupe,” wengi wetu humfungia ndani mtoto, kisha tukaipeleka habari kwa jirani ikiwa imeongezwa chumvi. Yafaa tumwulize: Nani amewaona? Wewe mwenyewe umeona nini kwa macho yako? Mwenyekiti wa kijiji ameulizwa? Huko Iringa Mvumi maswali kama hayo, yakiulizwa na watu wachache wenye sauti, yangaliweza kuwaokoa watu watatu waliokwenda kazini asubuhi.

Uvumi huu una madhara mengine yasiyo na kelele. Hospitali zetu zahitaji damu ya watu waitoao kwa hiari, kwa ajili ya mama ajifunguaye, mtoto mwenye malaria kali, na aliyeumia katika ajali za barabara kuu ipitayo Mikumi. Mtu aliyelelewa kwa hofu kwamba damu yake yauzwa hatakwenda kuitoa. Kwa hiyo kijana aongozaye mchezo na aweke mpaka huu pia: mfuko wa damu wa hospitali usiwe kamwe mzaha wa hadithi, wala mahali pa kuibia damu katika mchezo. Katika nchi nyingine huenda jambo hilo likawa kichekesho chepesi. Kwetu laweza kumgharimu mgonjwa maisha yake.

Kwa vijana twasema neno moja la mwisho. Mkiketi barazani na kikapu chenu cha karatasi, punje zenu na maharage yenu, kumbukeni kwamba mmeshika neno zito, nanyi mmepewa nafasi ambayo wazee wetu wengi hawakuipata: kulitazama neno hilo kwa utulivu, mkiwa marafiki, bila mtu wa kuumizwa. Itumieni vema. Na siku itakapotokea kweli kwamba watu wakusanyika njiani na mawe mikononi, wakimwelekezea mgeni kidole, ninyi mtakuwa mmekwisha kujizoeza kumwuliza mtu mwenye njaa au hofu: “Wafanyaje?” Mwulizeni tena siku hiyo, kwa sauti kubwa, na mmoja wenu akimbie upesi kumwita mwenyekiti na polisi.